Ganzi Ipi, Mama? Kiswahili Mlangoni mwa Chumba cha Upasuaji

Jarida letu limekuwa uwanja wa mijadala motomoto kuhusu ushairi huru, usanifishaji na istilahi za kompyuta. Sina ugomvi na mijadala hiyo. Mimi mwenyewe ni mwanafunzi wa fasihi na nimeifaidi si haba. Hata hivyo, pana mahali ambapo sentensi moja ya Kiswahili, ikiulizwa vibaya au ikijibiwa kombo, yaweza kumfanya mtu asiamke tena. Nazungumzia yale mazungumzo mafupi baina ya mgonjwa wa kisukari na mtaalamu wa nusukaputi kabla mgonjwa hajaingizwa katika chumba cha upasuaji. Rai yangu ni kwamba mazungumzo hayo ni kazi ya Kiswahili sawa na yalivyo kazi ya tiba, na kwamba sisi wana wa lugha tumeitelekeza.

Yamkini msomaji atauliza mwanafunzi wa fasihi ana nini na nusukaputi. Swali hilo ni halali. Mimi si tabibu, na niyasemayo hapa kuhusu maradhi ni yale yanayokubaliwa na wenye taaluma hiyo. Nitakapojipa uhuru wa kuhukumu ni pale penye maneno.

Kisukari kinapokaa mwilini kwa miaka mingi bila kudhibitiwa vyema, sukari iliyozidi damuni huharibu neva. Watu wengi wanaijua nusu ya habari hii, yaani ile inayohusu miguu: nyayo kuwaka moto usiku, kuhisi kana kwamba siafu wanatembea chini ya ngozi, kisha kutohisi lolote hata mtu akikanyaga msumari. Nusu ya pili haijulikani sana. Zipo neva tusizozitawala kwa hiari, zinazouendesha moyo, mishipa ya damu, tumbo, kibofu na jasho, tukiwa macho au tukiwa tumelala. Hizi nazo huharibika, tena kimyakimya. Mtu huweza kwenda sokoni, akapiga soga na kucheka na majirani, ilhali moyo wake umekwisha kupoteza uwezo wa kuongeza mwendo unapohitajiwa kufanya hivyo.

Nusukaputi ndiyo humfichua. Dawa za usingizi hulegeza mishipa ya damu, na mwili wenye neva timamu hujitetea kwa kuibana tena mishipa hiyo na kuharakisha moyo. Mgonjwa tunayemzungumzia hana utetezi huo, kwa hiyo presha yake huporomoka ghafla. Sindano ya ganzi ya uti wa mgongo nayo huweza kumporomosha vivyo hivyo. Tumbo lake, kwa kuwa neva zinazolisukuma zimechoka, huhifadhi chakula kwa muda mrefu kupita kiasi. Anaweza kufunga usiku kucha na bado akawa na mabaki ya chakula cha jioni. Akilazwa usingizi, koo lake halijilindi tena, na yaliyomo tumboni huweza kupanda na kuingia mapafuni. Hata kupumua kwake si kwa kutegemewa, kwa kuwa mwili wake haushtuki upesi oksijeni inapopungua, hasa baada ya upasuaji akiwa amepewa dawa kali za maumivu. Mnamo 1978 madaktari Page na Watkins walichapisha katika jarida la The Lancet taarifa za wagonjwa wa kisukari wenye uharibifu huu ambao moyo na pumzi zao zilisimama ghafla, aghalabu pale ambapo kupumua kulikuwa kumetatizwa na nusukaputi, dawa au nimonia.

Wataalamu wakishajua kwamba mgonjwa ana hali hii, wana mengi ya kufanya. Huweza kuepuka usingizi mzito na kutia ganzi kiungo kimoja tu. Ikiwa lazima alale, huingiza mpira wa hewa kooni kwa haraka huku wakichukua tahadhari dhidi ya kutapika, hutoa dawa ya usingizi kidogo kidogo, huwa na dawa ya kupandisha presha mkononi, hupima sukari mara kwa mara kwa kuwa aliyelala hawezi kusema kwamba anatetemeka, huweka mito chini ya visigino visivyohisi, na humweka mgonjwa chini ya uangalizi kwa muda mrefu zaidi. Yote hayo hutegemea wajue mapema.

Watajuaje? Hapo ndipo tunapoingia sisi. Vipo vipimo rahisi vya kitandani visivyohitaji mashine ya mamilioni. Mgonjwa hupimwa presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama; namba ya juu ikishuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi katika dakika tatu, pana jambo. Huambiwa pia aunganishe viganja kama anayesali. Vidole vikishindwa kugusana bapa, viungo vyake vimekakamaa kwa sababu ya kisukari, na huenda shingo na taya pia zikaleta ugumu wakati wa kuingiza mpira wa hewa. (Sijakutana na ishara ya mwili yenye ushairi kuliko hii, lakini tuyaache hayo.) Katika hospitali yenye foleni ndefu, vipimo hivi hutiliwa mkazo kwa yule ambaye majibu yake yametia shaka. Majibu hutokana na maswali, na maswali, katika hospitali nyingi za kaunti zetu, huulizwa kwa Kiswahili na mtu aliyesomea kazi yake yote kwa Kiingereza.

Tuanze na neno ganzi. Kamusi zetu hulifafanua kuwa hali ya kukosa hisia katika kiungo cha mwili. Hospitalini, neno hilo hilo ndilo jina la dawa inayoileta hali hiyo. Mgonjwa wa kisukari anayo ganzi ya kwanza. Mtaalamu anataka kumpa ganzi ya pili. Nilimsindikiza mama yangu mkubwa, aliyeishi na kisukari kwa miaka 16, alipokwenda kuondolewa kidole cha mguu kilichooza. Afisa kijana, mwenye adabu zake, alifungua faili na kumuuliza: "Mama, umeshawahi kupata ganzi?" Mama mkubwa akajibu bila kusita: "Ninayo kila siku, mwanangu, tangu mwaka juzi." Afisa akatabasamu, akatia alama kwenye fomu na kuuliza swali lililofuata. Alama ile ilimaanisha kwamba mgonjwa aliwahi kudungwa dawa ya ganzi na hakudhurika. Mama mkubwa hakuwa amewahi kudungwa dawa hiyo maishani mwake. Alichokuwa amekitaja ni dalili ya neva zilizoharibika, na ilipita kama jibu la ndiyo.

Nilisema, "Daktari, samahani, anaizungumzia miguu." Kwa sifa yake, kijana yule aliweka kalamu chini, akavuta kiti na kuanza upya. "Ganzi ipi, mama? Nieleze." Ndipo yakatoka mengine: akiamka kitandani upesi huona giza na kushika ukuta; akila ugali jioni, "asubuhi unakuwa bado umekaa hapa," akionyesha chembe cha moyo; jasho humtoka usoni anapokula, na miguu haitoi jasho hata chembe. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa katika faili. Alipimwa presha akiwa amelala na akiwa amesimama, mkubwa wa idara akaitwa, wakaamua kumtia ganzi kwenye kifundo cha mguu pekee. Alirudi wodini akiulizia chai. Sidai kwamba kisa kimoja ni utafiti. Nadai tu kwamba tofauti kati ya faili la kwanza na faili la pili ilikuwa sentensi mbili.

Neno mishipa nalo lina matata yake. Kwa msemaji wa kawaida, mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na katika sehemu nyingine ni ugonjwa wa ngiri. Mgonjwa akisema "mishipa yangu imeharibika", ameambiwa nini kliniki na anamwambia nini mtaalamu? Watunga istilahi wametuletea mishipa ya fahamu na neva. Ni maneno mazuri, na shuleni yamezoeleka. Hata hivyo, mzee wa miaka 70 asiyeyatumia hatasaidika kwa kuulizwa kama neva zake ni nzima. Aulizwe kama anaweza kuhisi changarawe ndani ya kiatu.

Tumbo ndilo lenye hatari ya karibu zaidi, nalo limezungukwa na maneno ya mtego. Kanuni inayofuatwa na wengi ni saa 6 bila chakula, na saa 2 bila vinywaji vyeupe kama maji. Maziwa huhesabiwa pamoja na chakula. Mgonjwa wetu huambiwa: "Usile chochote." Kwa desturi zetu, chai haliwi, hunywewa. Uji nao hunywewa. Mtu akinywa kikombe cha chai ya maziwa alfajiri, kisha akaapa mbele ya muuguzi kwamba hajala, hajasema uongo kwa sarufi ya Kiswahili. Kwa mgonjwa mwenye tumbo lililolegea, kikombe hicho huongezwa juu ya ugali wa jana ambao haujaondoka.

Kisha kuna saa zenyewe. "Usile saa sita kabla ya upasuaji." Je, ni muda wa saa 6, au ni ile saa sita ya usiku, au ya mchana? Walimu wetu hutukemea tunaposema masaa, na katika mitihani tumepoteza alama kwa sababu yake. Raia asiyejua kanuni hiyo amejitengenezea tofauti yenye manufaa: saa sita ni wakati, masaa sita ni muda. Sitaki kuanzisha vita na wanasarufi katika kurasa hizi, ila natamka wazi kwamba iwapo nitawahi kuandika maagizo ya mgonjwa anayejiandaa kwa nusukaputi, nitaandika masaa, na atakayetaka kunikata alama anikate. Afadhali zaidi ni kuyaepuka yote mawili: "Ukishakula chakula cha jioni, usile tena, wala usinywe chai, maziwa au uji, mpaka tukuambie."

Na maagizo hayo hayatoshi kwa huyu tumsemaye, kwa kuwa hata akiyatii kikamilifu tumbo laweza kuwa limejaa. Inabidi aulizwe: Je, unashiba upesi kuliko zamani? Je, huwa unatapika chakula ulichokula jana? Siku hizi pameongezeka dawa mpya za kudungwa, kama vile semaglutide, ambazo huchelewesha tumbo kumwaga chakula. Wapo wanaozitumia kwa sababu ya unene na wasiozihesabu kuwa dawa. Ukimuuliza mtu huyo "unatumia dawa gani?" hatazitaja, kama ambavyo wengine hawataji mitishamba.

Moyo nao huulizwa vibaya. Swali la kawaida ni "Kifua huwa kinauma?" Kwa wagonjwa wengi ni swali zuri. Kwa aliyeharibika neva ni swali linaloweza kupotosha, kwa sababu neva zilizopaswa kupeleka maumivu ndizo zilizokufa. Moyo wake huweza kukosa damu pasipo maumivu. Anajibu hapana kwa moyo mweupe, na hapana yake inaandikwa kama habari njema. Anayejua hili huuliza kuhusu pumzi na nguvu: unaweza kupanda ngazi bila kutua? Shamba ulilokuwa ukililima mwaka jana, mwaka huu umelilima? Swali la shamba halimo katika kitabu chochote nilichokisoma, lakini mama wa Kilifi au wa Kitui atalijibu kwa kinaganaga.

Lipo swali jingine ambalo huachwa kabisa. Kupungua kwa nguvu za kiume ni mojawapo ya dalili za uharibifu wa neva hizi zisizotawaliwa kwa hiari. Mara nyingi dalili hiyo hutangulia kizunguzungu, na mtaalamu aliyeisikia angepima presha ya mgonjwa kwa makini zaidi. Sasa mfikirie mzee wa makamo ya babu, amelala kitandani, muulizaji ni binti wa miaka 25, na mkalimani ni bintiye mwenyewe. Nani atauliza, kwa maneno gani? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hao hao ndio waliotufundisha kwamba mengine hayasemwi mbele ya mtoto.

Hapa ndipo fasihi inapostahiki kudai nafasi yake. Miaka nenda miaka rudi tumefundishwa tafsida kama pambo, jambo la kutolea mifano miwili na kusonga mbele. Tafsida ni ufundi wa kulisema lisilosemeka bila kuvunja heshima ya aliyeko mbele yako, na Kiswahili kina hazina yake kubwa. Yupo atakayesema "Mzee, na mambo ya nyumbani?" na akaeleweka barabara. Yupo atakayesema hivyo na akajibiwa kwamba paa linavuja. Ni kazi ya utafiti kujua kipi kinaeleweka wapi, na nani anaruhusiwa kukitamka. Bintiye mzee huyo atolewe nje kwanza, kwa kisingizio chochote chenye heshima. Hiyo nayo ni sehemu ya lugha.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba wagonjwa wengi, hasa wazee wa vijijini, hawasemi Kiswahili bali lugha zao za kwanza. Naikubali, na ndiyo maana sisemi Kiswahili kichukue nafasi ya Kikamba au Kiluo. Hata hivyo wauguzi na maafisa huhamishwa kutoka kaunti hadi kaunti, na anapokutana mtu wa Kisii na mgonjwa wa Taveta, lugha inayobaki kati yao ni hii yetu. Pingamizi ya pili husema kwamba wahudumu hawana muda. Wanaotia wagonjwa usingizi katika hospitali ndogo, wengi wao wakiwa maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea kazi hiyo, hawana wasaa wa mazungumzo marefu. Hilo ni kweli na si kosa lao. Lakini maswali sita yaliyotungwa vyema huchukua muda mfupi kuliko maswali ishirini yasiyoeleweka.

Sheria, kwa upande wake, imekwisha kusema. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kiliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika sehemu ya 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, manufaa yake na hatari zake, na afanye hivyo inapowezekana kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Linganisha hayo na fomu ya idhini iliyochapwa kwa Kiingereza, ambayo mgonjwa hutia kidole gumba chini yake. Nimesoma pia tafsiri ya Kiswahili ya fomu kama hiyo, nayo ilisema kwamba mgonjwa "anaridhia utaratibu wa anesthesia ya jumla pamoja na matatizo yanayoambatana". Sijui ni nani angeweza kuridhia jambo hilo, kwa kuwa sijui ni nani angeweza kulielewa.

Tatizo la tafsiri ile si ukosefu wa istilahi. Nusukaputi tunalo, nalo limo katika kamusi, ingawa kwa sikio la mgonjwa lina ubaridi wake: nusu ni nusu, na kaputi kwa kawaida huhusishwa na neno la Kijerumani lenye maana ya kilichoharibika au kilichokwisha. Kumwambia mtu anayeogopa kwamba utamfanya nusu mfu si mwanzo mwema. Wengi hospitalini husema dawa ya usingizi, na wanastahiki kuachwa waseme hivyo. Istilahi humsaidia anayeandika tasnifu. Aliye kitandani anasaidiwa na swali, na swali lina sauti, lina anayeuliza na anayeulizwa, lina umri na jinsia na hofu ndani yake. Hayo ni mambo tunayoyasoma kila wiki katika tamthilia na isimujamii, kisha tunayafungia maktabani.

Napendekeza basi kwamba chama chetu, badala ya kutumia likizo ijayo yote katika maandalizi ya kongamano, kitume wanachama wachache wakae na wanafunzi wa tiba na wahudumu wa nusukaputi katika hospitali watakayokubaliwa, kwa idhini za maadili zinazohitajika. Wasiende na orodha ya istilahi. Wasikilize namna wagonjwa wa kisukari wanavyoyaeleza wenyewe mambo haya manne: miguu, kusimama, tumbo na pumzi. Lile la tano, la nyumbani, lisikilizwe na wazee wa jinsia moja na mgonjwa. Maswali yatungwe kutokana na vinywa hivyo, yasomwe tena kwa wagonjwa wengine, na kila swali litakalojibiwa kwa namna mbili tofauti litupwe. La kwanza kutiwa mizani liwe lile la chai, kwa kuwa ndilo rahisi na ndilo linaloulizwa kila asubuhi: "Tangu jana jioni, ni kitu gani kimepita mdomoni mwako, hata kama ni cha kunywa?"